Sahani ya Bibi Polepole

Kitambaa kilichofunika bango kiko chini, na mmenisumbua wiki nzima kuniuliza kilificha nini. Wengine mkabahatisha kwamba ni picha ya mume wa zamani wa Mama Michango. Hapana. Hamkukaribia hata kidogo.

Kwa aliyechelewa, nitamvuta mkono haraka tuende sawa. Tuko ukumbini, mchana wa jua kali, kwenye chakula cha kuchangia chama cha hisani kiitwacho Jiko la Jirani. Jukwaani amesimama Mama Michango, mwanamke ambaye akikuomba shilingi unajikuta umetoa na nauli yako ya kurudia nyumbani. Kila mwaka hufunuliwa bango lenye picha ya mzee mmoja anayelishwa na jiko hilo, na kwa desturi yao picha haionwi na yeyote kabla ya siku yenyewe isipokuwa mpiga picha, ili machozi ya wenyeji yawe mabichi kama ya wageni. Desturi hiyo aliianzisha Mama Michango mwenyewe, kwa akili zake timamu. Basi akavuta kamba.

Na bango zima likajaa uso wa mama yake mzazi.

Mama yake! Aliyemzaa, aliyefua mashuka ya hospitali miaka nenda miaka rudi ili yeye asome. Ameshika kijiko, sahani iko mapajani, anamtabasamia mtu asiyeonekana pichani. Na chini ya kidevu chake, kwa herufi nyekundu, kulikuwa na maneno ambayo Mama Michango aliyatunga akiwa kwenye kiti chake cha kuzunguka, tena akajipongeza kwa kuyatunga:

HANA MTU. ANA WEWE TU.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Umepatia!" mwenyekiti akamnong'oneza. Huyu ni mwalimu mstaafu, mtu wa tai na chaki, anayekiongoza chama kwa moyo mmoja. "Umemwona Bwana Mabati? Analia."

Ni kweli, Bwana Mabati, mwenye kiwanda cha mabati, alikuwa anafuta macho kwa leso ya mezani.

"Mbona umepauka?" mwenyekiti akauliza.

"Joto."

"Joto gani na feni iko juu ya kichwa chako? Shika maiki, mama. Udongo uwahi ungali maji."

Hapa sina budi kuwaeleza, maana Jiko la Jirani haliendeshwi kwa hewa. Wauzaji wa sokoni hutoa mboga zilizobaki, mwoka mikate hutoa mikate ya jana, mafundi na walimu huchanga kidogo kidogo kila mwezi, na meza za mchana ule zilinunuliwa na maduka na maofisi. Vyote hivyo hutosha masufuria ya pale jikoni, kwa mwenye miguu ya kumfikisha. Lakini kuna sahani za nyumbani, zile zinazobebwa na watu wa kujitolea hadi kwa wazee wasio na mtu. Mfadhili wa sahani hizo alikuwa amejitoa. Bwana Mabati akikubali leo, zinaendelea. Akikataa, kuanzia mwezi ujao wazee wa mitaa mitatu watakaa wakisikiliza mlango usiogongwa.

Sasa Bwana Mabati alikuwa amesimama.

"Mama Michango, swali moja kabla sijafungua mkono. Huyu bibi kweli hana mtu?"

"Ndiyo... kwa taarifa zetu."

"Achana na taarifa. Nakuuliza wewe. Hana hata mtoto?"

Ndugu zangu, nafasi alikuwa nayo. Mlango wa ukweli ulikuwa wazi kabisa, angeingia na akapata pa kukaa. Angesema, "Bwana, huyu ni mama yangu, na mimi ndiyo kwanza nashangaa kama nyinyi." Watu wangeguna, wangesamehe, wangeendelea na kuku wao. Lakini alitazama meza za mbele, akaona wale wanaomwita mwanamke wa mfano, na shingo yote ikamwaka kwa aibu.

"Hana," akasema kwenye kipaza sauti.

Neno likagonga ukuta wa nyuma na kumrudia masikioni kwa sauti yake mwenyewe.

"Afadhali," akasema Bwana Mabati. "Maana angekuwepo mtoto akamtelekeza mama wa namna hii, ningesema afungwe kamba azungushwe mji mzima."

Watu wakacheka. Na Mama Michango naye akacheka.

"Basi nataka nimwone huyo bibi. Leo hii."

"Bwana, ni mgonjwa, hatoki..."

"Mgonjwa nani?" ikadakia sauti kutoka nyuma. Alikuwa Fundi Cherehani, mshonaji wa kujitolea, futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. "Si nimekuja naye! Nimemwacha jikoni anakula. Mnamjua lakini, akishika kijiko, kesho asubuhi."

"Bibi Polepole!" wapeleka sahani wakaitika kwa pamoja, wakaangua kicheko.

Hapo Mama Michango akaunganisha picha na jina. Bibi Polepole?

Jiko la Jirani lilianza na sheria moja: anayepeleka sahani haiachi mlangoni akakimbia. Hukaa na mzee mpaka amalize kula. Sasa, palikuwa na bibi mmoja ambaye hamalizi. Anatafuna kila punje ya wali, anauliza habari za watoto wa mgeni wake, anarudi kwenye punje. Wapeleka sahani wakambandika jina la Bibi Polepole, na vituko vyake vikawa chumvi ya vikao vya ofisi. Mama Michango alivicheka mpaka akashika mbavu. Alivitia hata kwenye hotuba za kuombea pesa. Kisha wapeleka sahani walipolalamika kwamba bibi huyo anawachelewesha, ni yeye aliyegonga meza na kuweka sheria mpya, sahani moja nusu saa, imalizwe isimalizwe. Hakuuliza bibi huyo ni nani. Majina yalikuwa kazi ya watu wa jikoni. Yeye kazi yake ilikuwa kuomba.

"Namleta mwenyewe!" akasema, na alikuwa ameshateremka jukwaani.

*

Mama yake alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya sinki, kitambaa kichwani, mkoba kwapani, sahani imebaki nusu. Wapishi walikuwa nje wakipakua. Mama na binti walikuwa wawili tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nakula. Kwani sahani si zenu?"

"Nakutumia pesa kila mwezi! Mchele unao, mafuta unayo. Kwa nini unawaambia watu huna mtu? Unanivua nguo hadharani!"

Mama akaweka kijiko chini taratibu.

"Walikuja kuandikisha, wakaniuliza, 'Bibi, una mtu wa kula naye?' Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikasema sina. Nilidanganya?"

"Lakini mchele..."

"Mchele ninao, mwanangu, tena wa kutosha. Ila mchele haukuulizi umeamkaje."

"Ungenipigia simu."

"Nilipiga. Uliniambia nisubiri, uko kwenye kikao cha wazee wasio na watu."

Mama Michango alitamani ardhi ipasuke. Alikumbuka simu ile vizuri. Alikumbuka hata kwamba aliikata kabla mama hajamaliza kuaga.

"Nilijua kwamba ofisi ni yako," mama akaendelea, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Fundi alipokuja kuandikisha aliniambia hata wakubwa wa ofisi wana zamu ya kubeba sahani. Nikasema, basi, ngoja nijiandikishe, iko siku zamu itamwangukia. Mlango ukigongwa, najifunga kitambaa vizuri, nafungua. Ni Fundi. Wiki nyingine, tena Fundi. Ni mtu mwema sana, sisemi vibaya."

Zamu! Kila mwezi Mama Michango alikuwa akiomba udhuru wa zamu kwa sababu ya kazi nyingi.

"Ungewaambia tu mimi ni mwanao, wangeniambia nije."

"Nilitaka uje, sikutaka uletwe." Mama akacheka kidogo. "Kisha ikatoka hiyo sheria ya nusu saa. Nikawa nawaambia chakula cha moto, tungoje kipoe kwanza, nusu saa ihesabiwe nikishika kijiko. Wakafikiri nimechanganyikiwa. Lakini nani aliileta sheria ile? Moyoni nilisema haiwezi kuwa ya mwanangu. Ni yule mwenyekiti wenu, huyo amezoea kengele za shule."

Bomba la sinki lilikuwa linadondoka.

"Ndiyo, mama," akasema Mama Michango. "Ni mwenyekiti."

Uongo wa pili, na jua bado liko utosini! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu mwenzetu alikuwa ameshavaa viatu vya safari ndefu.

"Hata hivyo na mimi nina aibu yangu," mama akasema, akiisogeza sahani mbali. "Hii ina mwenyewe. Yuko mzee mahali ana njaa ya kweli, na mimi nimekalia nafasi yake kwa ajili ya mazungumzo. Imekuwa ikinisumbua usingizini. Twende nikawaambie."

"Hapana!" Mama Michango akamshika mkono. "Mama, hapana. Ukisema una mtoto, yule tajiri ataona tumemchezea. Atafunga mkono. Wazee wote watakosa sahani."

"Wazee tu?"

Mama Michango akautazama mlango wa ukumbini.

"Wazee tu, au na wewe utakosa kitu?"

Mama akapangusa midomo kwa ncha ya kitambaa chake, akainuka.

"Haya. Niambie niseme nini."

Na huyu mwanamke, msomaji wangu, mwanamke aliyesomeshwa kwa mashuka ya hospitali, akainamisha macho kwenye sakafu yenye maji na kusema, "Sema huna mtu."

Mama yake akaitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyoitikia zamani binti alipotaka viatu vya shule na pesa hakuna.

*

Waliingia ukumbini wameshikana mikono, wakapanda jukwaani, Mama Michango akachukua tena kipaza sauti. Makofi, vigelegele, simu zikainuliwa kupiga picha. Bwana Mabati akatoka kwenye kiti chake cha heshima, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Bibi, niambie kwa kinywa chako. Kweli huna mtoto?"

"Sina, baba."

"Na huyu aliyekushika mkono?"

"Huyu?" Mama akamgeukia binti yake, akamtazama juu mpaka chini. "Huyu ni mtu wa ofisi. Simfahamu. Ila ana mkono wa upole, Mungu amjalie."

Meza ya tatu mama mmoja akalia kwa sauti. Mama Michango alihisi mkono wa mama yake ukimbana vidole, mara moja, kama kumwambia usiogope, nimeshamaliza. Akashindwa kuubana na yeye.

"Sahani za nyumbani!" Bwana Mabati akanguruma. "Mwaka mzima! Ziko juu yangu!"

Mwenyekiti nusura acheze ngoma na tai yake. Fundi Cherehani akarusha futi juu. Jiko limepona, wazee wamepona, na siri imelala usingizi wa pono. Mtu mwenye busara angeshukuru, akakaa, akanywa maji. Lakini tajiri aliyefurahi ni sawa na mgeni wa harusi, kumtoa jukwaani ni kazi.

"Bado sijamaliza! Mama yangu alifariki nikiwa safarini kutafuta pesa. Sikumzika. Nyumba yangu ina vyumba vitupu. Bibi, kama huna mtu, kuanzia leo una mimi. Utakaa kwangu. Utakula mezani na wanangu. Gari langu liko nje, twende sasa hivi."

Vigelegele vikapasua paa. Mama Michango akatabasamu kwa meno tu. Mama atakataa, akajisemea. Lazima akatae.

"Huko kwako, watu hukaa wakala pamoja?" mama akauliza.

"Kila siku, bibi."

"Na hawana haraka?"

"Hawana."

Mama akafikiri. Akauweka mkoba wake vizuri begani.

"Basi nitakwenda, baba."

Akauachia mkono wa binti yake, akaanza kutembea. Hakugeuka. Fundi alitangulia akisogeza viti, Bwana Mabati akamshika kiwiko, na watu walisimama pande zote mbili kama wanaopitisha bibi harusi. Mama Michango akabaki na kipaza sauti mkononi. Kila kitu alichokiomba siku ile alikuwa amekipata. Aliwaza kwamba mama akishavuka mlango ule, hata akifa, yeye atapewa taarifa kama jirani.

"Simameni!"

Wakasimama.

"Huyo ni mama yangu."

Mwenyekiti akamkimbilia. "Mama Michango, umechoka. Kaa chini unywe maji."

"Sijachoka. Nimewaambia hana mtoto, nimewadanganya. Mtoto ni mimi. Yeye nimemfundisha cha kusema, kule jikoni, sasa hivi. Na mama, ile sheria ya nusu saa siyo ya mwenyekiti. Ni yangu."

Machozi yalimtoka mbele ya wale wa meza za mbele, nao walikuwa wanamtazama kama mtu aliyetapika kwenye sahani.

Bwana Mabati akageuka polepole. Uso wa mfadhili haukuwepo tena.

"Ala! Mara hana mtu, mara ana mtu. Nyumba yangu imetajwa, mtoto kazaliwa hapo hapo! Bibi, nani mkweli kati yenu?"

Mama alimtazama binti yake kwanza, akingoja aambiwe aseme nini. Bwana Mabati akaliona hilo, na taya zikamkaza.

"Usimjibie, bibi. Mimi sitaki cheti cha kuzaliwa. Wewe Mama Michango, gari liko mlangoni na dereva wangu ndiye huyo, ameshika funguo. Mwelekeze ampeleke mama yako nyumbani kwake. Anakaa wapi? Mtoto hashindwi hilo. Ukisema, pesa yangu inabaki kwenye jiko lenu na mama yako unabaki naye. Ukishindwa, naondoka na vyote viwili."

Wapeleka sahani wakatazamana. Fundi Cherehani akafumbua mdomo, Bwana Mabati akamnyooshea kidole, akaufumba.

Mama Michango akavuta pumzi. Kodi ya chumba kile hulipa kwa simu, na namba ya mwenye nyumba anaijua kwa kichwa. Siku mama alipohamia pale, binti alituma mtu na mkokoteni, akatuma na pesa ya kufuli. Yeye alikuwa kikaoni. Alisema atakwenda wiki ile. Akasema atakwenda sikukuu. Alitafuta kichwani mtaa, akatafuta kona, akatafuta hata rangi ya ukuta.

"Ni... ni kule..."

"Kule wapi?"

"Ukipita... ile barabara..."

Mtu mmoja akacheka puani. Mwenyekiti alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Mama akarudi. Alitembea kwa mwendo wake ule ule mpaka jukwaani, akasimama karibu kabisa na binti yake, akajifanya anamrekebisha kola ya gauni. Kisha akamsogelea sikio na kunong'ona. Maskini hakujua kwamba kipaza sauti, mkononi mwa mwanawe, katikati ya videvu vyao viwili, kilikuwa bado kinafanya kazi.

"Nyuma ya kinu cha unga, mwanangu. Mlango wa kijani. Sema upesi, hawajasikia."

Ukumbi mzima ulikuwa umesikia.

Bwana Mabati akapanda jukwaani, akanyoosha mkono, akaomba kipaza sauti. Alichokisema, njooni wiki ijayo.